Nyuti mwenye kishungi: dume na jike, nani mkubwa?

Ukichungulia dimbwi la Uingereza majira ya kuchipua, nyuti dume ndiye anayevuta macho kwanza. Salamanda huyu mdogo, ndugu wa chura mwenye umbo kama la mjusi, ana kishungi chenye meno kama msumeno mgongoni na mstari wa rangi ya fedha mkiani. Lakini kwa umbo, jike anamshinda. Dume hufikia sentimita 14 hivi. Jike, asiye na kishungi, hufika hata 16, na tumbo lake ni nene zaidi. Sababu ni mayai: kwa msimu mmoja hutaga 200 hadi 300, na kila moja hulikunjia jani la mmea wa majini kwa miguu ya nyuma. Kwangu mimi, hilo linapita kishungi chochote. Msimu ukiisha, kishungi hunywea. Basi tazama chini ya mkia, jike ana mstari wa rangi ya chungwa.