Mtambo wa simu wa ofisi ndogo Dar: upi ununue kama shida yako ni ratiba na kumbukumbu

Tulipofungiwa mtambo mpya wa kupokea na kugawa simu za ofisi, Mikocheni, tulimwambia fundi ofisi inafunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi na moja. Naye akaandika 02:00 hadi 11:00, akachukua chake, akaenda. Tangu siku hiyo aliyepiga saa nane usiku alikaribishwa vizuri kabisa, na aliyepiga saa sita mchana akaambiwa tumefunga. Tuligundua baada ya wiki nzima, maana asubuhi simu ziliita kama kawaida, na mchana tukadhani biashara imelala tu.

Kwa hiyo nikiombwa ushauri siku hizi, huwa nauliza mambo mawili: nani hapo ofisini ataweza kubadilisha saa bila kumwita fundi, na mtambo unaandika nini kuhusu simu ambazo hazikupokelewa.

1. Kisanduku cha IP, yaani kinachopitisha simu kwenye mtandao wa kompyuta. Kwa ofisi ya watu watano hadi thelathini naanzia hapa. Grandstream UCM6302, kwa mfano, ina matundu mawili ya laini za waya kutoka nje na mawili ya simu za kizamani au faksi. Simu nyingine zote zinapita kwenye mtandao wa ofisi. Saa za kazi na sikukuu unazipanga kwa kivinjari. Saba Saba, Nane Nane na tarehe 9 Desemba zinajulikana mapema. Mtihani ni Idi: mwezi ukiandama jioni, dada wa mapokezi aweze kuifunga kesho mwenyewe. Kumbukumbu za simu unazipakua na kuzifungua kwenye Excel.

2. FreePBX, programu ya kuigeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu. Inakaa juu ya Asterisk, programu ya bure aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Ratiba zake ni pana kuliko za kisanduku, na unaweza kumpa mtu msimbo wa kubonyeza kwenye simu ili afunge au afungue ofisi papo hapo. Ila bure yake ina gharama: kompyuta, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na mtu anayeijua Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo. Ukiiacha wazi kwenye intaneti kwa nywila dhaifu, wezi watapiga nje ya nchi usiku kucha na bili itakuja kwako. Kama kijana wako wa kompyuta ana mguu nje, rudi namba moja.

3. Huduma ya mtandaoni, ya kulipia kila mwezi. Inawafaa wanaoshinda barabarani, kwani simu ya ofisi inaita kwenye simu zao za mkononi. Bei nyingi ni za dola kwa kila mtumiaji. Uliza kumbukumbu zinatunzwa miezi mingapi kabla ya kufutwa.

4. Mtambo wa analogia uliotumika. Panasonic KX-TES824 ni ngumu kufa: laini tatu za nje, ekstensheni (simu za ndani) nane, inapanuka hadi laini nane na ekstensheni 24. Ina hata ratiba ya mchana, ya chakula na ya usiku. Lakini kumbukumbu zake zinamwagika kupitia waya wa kompyuta, na kompyuta ikizimwa umezikosa. Chukua tu kama nyaya zake ziko ukutani tayari.

Upande wa kumbukumbu ndiko watu wengi huumia, hata kwenye mtambo mzuri. Ukiweka ile sauti ya "bonyeza moja kwa mauzo", mtambo unaweza kuandika kwamba simu imepokelewa, wakati mteja aliongea na mashine, akachoka, akakata. Tafuta ripoti inayoonyesha simu ilifika ekstensheni gani. Tofautisha pia muda wote wa simu na muda wa maongezi, kwa sababu ule wa kwanza unahesabu na mlio. Kwenye laini ya waya, mara nyingi mtambo haujui mtu wa upande wa pili kapokea lini, hivyo simu ulizopiga zote zinaonekana zimejibiwa. Na kama laini haina huduma ya kuonyesha namba, utapata orodha ya simu zisizo na wenyewe.

Saa ya mtambo ichukuliwe kwenye intaneti, kanda iwe ya Afrika Mashariki, na mtambo ukae kwenye UPS. Umeme ukikatika, saa ikapotea, ratiba yote inapotea nayo.

Namba ya mteja na sauti yake ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukirekodi, mwambie mpigaji mwanzoni, na usimwachie kila mfanyakazi nywila ya kumbukumbu.

Kabla ya kumalizia malipo, mwambie muuzaji apange ratiba ya mtambo ifunge ofisi baada ya dakika kumi, hapo hapo mbele yako. Zikipita, piga kwa simu yako, acha iite, kata. Kisha akuonyeshe simu hiyo kwenye orodha.