Losheni ya benzili benzoeti kwa farasi anayewashwa mkia: uzoefu wangu wa misimu miwili

Nimeitumia losheni ya benzili benzoeti kwa farasi wangu jike kwa misimu miwili ya usubi, na kabla sijaeleza ilivyomsaidia ni lazima nieleze ilivyomuumiza, kwa sababu kosa nililolifanya siku ya kwanza ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye huruma na mnyama wake anaweza kulifanya.

Nyota ana umri wa miaka 11. Alianza kwa kujisugua matako kwenye nguzo ya banda, jambo ambalo mwanzoni nililiona la kawaida, lakini baada ya majuma matatu singa za sehemu ya juu ya mkia zilikuwa zimekatika na kubaki vishina vifupi vigumu, ngozi ya hapo imekuwa nene yenye mikunjo, na majimaji ya manjano yalikuwa yakitoka na kukauka kuwa vigaga. Usiku nilikuwa nikisikia mlango wa banda ukigongwa kwa mapigo yale yale, bila kukoma, na nikajua ni yeye.

Nilinunua chupa ya losheni yenye asilimia 25 ya benzili benzoeti, dawa ile ile ambayo kwa muda mrefu imetumika kutibu upele wa binadamu, nikampaka jioni ile ile juu ya vidonda. Aliruka, akapiga ukuta teke, kisha akasimama akitetemeka huku mkia ameubana katikati ya miguu. Nilimwosha kwa maji baridi hadi akatulia. Dawa hii inachoma vikali kwenye ngozi iliyochubuka, na maelezo ya chupa yalikuwa yameonya hivyo kwa maandishi madogo ambayo sikuyasoma.

Kesho yake nilimwita daktari wa mifugo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa natibu ugonjwa nisioujua. Aliniuliza kama farasi anajisugua mkia peke yake au na shingo pia, kama tatizo hurudi kipindi kile kile kila mwaka, na kama farasi wengine bandani wana hali hiyo. Alieleza kwamba kuna minyoo ambayo jike wake hutoka nje na kutaga mayai kwenye ngozi inayozunguka tundu la haja kubwa, akiyagandisha kwa ute unaowasha sana, na farasi mwenye minyoo hiyo hujisugua mkia katika msimu wowote. Akabandika kipande cha selotepu kwenye ngozi hiyo, akakibandua na kukitazama kwa hadubini, akaniagiza nirudie zoezi hilo mara mbili zaidi asubuhi na mapema kabla ya kumwosha, kwa kuwa kipimo kimoja kisichoonyesha mayai hakitoshi kuiondolea minyoo hiyo lawama. Akatenganisha manyoya kutafuta chawa, akakagua sehemu ya chini ya miguu ambako utitiri hupenda kukaa. Hakupata kitu. Kisha akainama na kuniita nitazame chini ya tumbo: kwenye mstari wa katikati kulikuwa na vipele vingi na mabaka yasiyo na manyoya. Nilikuwa nampiga brashi farasi huyu kila siku, na sikuwahi kuinama kiasi hicho.

Ulikuwa usubi. Wadudu hawa, wenye urefu wa milimita 1 hadi 3, huuma hasa alfajiri na jioni, na baadhi ya farasi wana mzio wa mate yao. Farasi mwenye mzio akiumwa huwashwa kupita kiasi, ilhali mwenzake aliye zizi moja naye haonyeshi dalili yoyote. Ndiyo maana hakuna losheni inayoweza kuuponya ugonjwa huu. Inachoweza kufanya ni kuufukuza usubi ili usiume.

Vidonda vilitangulizwa. Nilimwosha kwa shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, nikiiacha dakika 10 kabla ya kuisuuza na kumkausha vizuri, na daktari akampa prednisoloni, dawa ya kutuliza mzio na uvimbe, kwa siku chache tu, akiipima kwa tahadhari kwa sababu dawa za jamii hiyo zinaweza kusababisha uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato. Ngozi ilipofunga kabisa, nilijaribu losheni kwenye eneo dogo la shingo, nikasubiri siku nzima, na nilipoona hapajavimba ndipo nikarudi mkiani. Nilivaa glavu, nikagawanya singa kwa vidole, na kuipaka kwa sifongo hadi ifike kwenye ngozi yenyewe, kila siku, saa moja hivi kabla ya jua kuzama. Ikiishia juu ya singa haina kazi.

Siku ya sita nilipita bandani usiku, na mlango haukuwa ukigongwa. Nilisimama pale nikimsikiliza akitafuna nyasi zake.

Sitasema kwamba losheni ilifanya kazi hiyo peke yake. Nilimvisha pia vazi jepesi la wavu linalofunika shingo, tumbo na mkia, nikamhamisha kutoka uwanja ulio karibu na tope lililotuama, ambako usubi huzaliana, na nikamwekea feni bandani, kwa kuwa wadudu hawa hawana nguvu ya kuruka hata dhidi ya upepo mdogo. Vazi lilipochanika na kukaa kwa fundi wiki nzima, alianza tena kujisugua, ingawa si kama zamani. Kwa maoni yangu, vazi ndilo lililobeba mzigo mkubwa, na losheni ililinda sehemu ambazo vazi halikufika.

Ina kero zake. Ina mafuta, hushika vumbi, harufu yake hubaki mikononi, na mvua au jasho huiondoa, hivyo siku hizo hupakwa upya. Tena si salama kwa paka, kama ilivyo dawa ya wadudu iitwayo pemethrini, ambayo ni sumu kali kwao, na paka wangu wawili hulala bandani. Hata hivyo ninaipa nyota nne kati ya tano.

Msimu wa pili nilianza kuipaka kabla usubi haujatokea, ngozi ikiwa bado nzima, na hakuhitaji prednisoloni hata mara moja. Singa mpya za juu ya mkia sasa zina urefu wa kidole. Bado zimesimama wima na hazijalala pamoja na zile ndefu. Kila jioni ninapozigawanya ili nipake dawa, Nyota huinua mkia mwenyewe kabla sijaugusa.