Povu la kumimina kwenye tangi la maji ya moto: uzoefu wangu

Tangi langu la sola hapa Iringa ni la lita 200. Zamani nililizungushia polistireni, lile povu jeupe linalokuja na boksi la televisheni. Pale bomba la maji ya moto linapoingilia, lilinywea likaacha uwazi. Polistireni hulegea hata kabla ya nyuzi 100, na sola ikikosa mtumiaji mchana kutwa hufika huko.

Safari hii nikanunua poliurethani, yaani povu la kumimina. Ni madumu mawili ya vimiminika: polioli, na isosianati ambayo ni ya kahawia. Unachanganya kwa ujazo sawa, unakoroga kwa drili sekunde chache, unamimina upesi kati ya tangi na bati la nje. Mchanganyiko unapauka, unaumuka kama andazi, na baada ya dakika chache umekuwa mgumu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilimimina wakati wa baridi ya asubuhi, likaumuka nusu. Nikaanika madumu juani, kisha nikamimina yote kwa mkupuo. Bati likavimba, na nilipokata kipande, katikati palikuwa pameungua. Vimiminika hivi vikikutana huzalisha joto vyenyewe, na povu huzuia joto lisitoke. Mimina tabaka jembamba, lipoe, ndipo uongeze. Vaa glavu na barakoa ya kuzuia kemikali, na ufanyie kazi nje, maana isosianati huweza kumwachia mtu pumu.

Matokeo yamenifurahisha sana. Maji ya nyuzi 60 jioni yalikuwa yakiamka na 44. Sasa ni 55, na watoto wanaoga kabla ya shule bila kuwasha jiko. Sentimita 5 za povu hili hufanya kazi ya sentimita 7 za polistireni.

Linalonikera ni lebo: "Linastahimili moto." Linastahimili joto, la nyuzi 100 hivi kwa muda mrefu. Niliwasha kipande uani, kikawaka kwa moshi mweusi, na moshi huo una sumu za kaboni monoksidi na sianidi. Kwa kuwa tunasema "maji ya moto", mnunuzi anaweza kulielewa neno "moto" vyovyote, akaliweka povu hili karibu na bomba la moshi la jiko. Hapo weka sufi ya mawe, ile pamba ya nyuzi za mawe isiyowaka. Nimemwambia muuzaji, na ningependa kila anayeuza bidhaa hii aandike "joto" na nyuzi zake.

Sehemu inayopigwa na jua ipakeni rangi. Yangu imeanza kuwa njano na kumeguka.