TAHADHARI: Magunia ya chakula cha ng'ombe wa maziwa yaliyoshonwa upya

Ndugu wafugaji wa Mbarara, Kiruhura, Isingiro na kwingineko Uganda, tafadhali someni hii kabla ya kulipa. Kiangazi kikishika na nyasi zikakauka, kuna wauzaji wanaozunguka na pikapu karibu na vituo vya kukusanyia maziwa, wakiuza chakula cha ng'ombe na madini kwa bei ya chini mno kuliko ya dukani. Gunia lina jina la kiwanda kinachojulikana, lakini mdomo wake umeshonwa kwa mkono, na matundu ya uzi wa kwanza bado yanaonekana. Risiti hakuna. Pesa unaambiwa uitume kwa simu, na jina linalotokea ni la mtu, si la duka. Ukiona hata moja kati ya hayo, usitoe pesa.

Ndani mara nyingi huwa ni pumba za mahindi zilizoongezwa maganda ya mpunga yaliyosagwa, vumbi la mbao au mchanga. Ng'ombe wa malishoni ndiye anayeumia zaidi. Protini ya nyasi kavu ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumbo la kwanza vinavyomeng'enya nyasi vinakosa chakula, ndiyo maana tunaongeza mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Maganda ya mpunga hayana protini ya maana. Yanajaza tumbo, na ng'ombe anakula nyasi chache kuliko jana. Maziwa yakishuka, muuzaji atakwambia malisho yako ndiyo mabaya.

Pimeni palepale, gari likiwa bado limesimama. Wekeni gunia kwenye mizani: la kilo 70 liwe kilo 70. Ingizeni mkono hadi katikati na chini, kwa sababu kizuri huwekwa juu. Tieni konzi moja kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, koroga, subiri dakika 5. Mchanga utatua chini kama tabaka peke yake. Maganda na vumbi la mbao vitabaki vikielea wakati pumba zimelowa na kuzama. Kisha choma kijiko kimoja juu ya kifuniko cha bati hadi kiishe kuwaka. Pumba safi huacha majivu kidogo sana. Maganda ya mpunga huacha mengi, ya kijivu na yenye kukwaruza vidole. Harufu ya ukungu nayo inatosha kukataa gunia zima, maana sumu ya ukungu huingia hadi kwenye maziwa.

Kwenye madini wizi ni wa kimyakimya zaidi. DCP, unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi, hununuliwa kwa ajili ya fosforasi, ambayo malisho yetu mengi huwa hayana ya kutosha, na ng'ombe akiikosa hutafuna mifupa na udongo, tena huchelewa kuingia joto, yaani kutaka dume. Wanachowapa ni chokaa, yenye kalsiamu tu. Dondosheni siki juu ya kijiko kimoja cha unga huo: chokaa hutoa povu kwa nguvu, DCP safi hutoa kidogo sana au haitoi kabisa. Kipimo hiki ni cha gunia lililoandikwa DCP. Madini mchanganyiko huwekwa chokaa kihalali, kwa hiyo povu peke yake halithibitishi kitu, na rangi nyekundu ya unga pia haithibitishi kitu.

La hatari kuliko yote ni yurea, mbolea yenye naitrojeni nyingi. Huongezwa ili kipimo cha maabara kionyeshe protini nyingi, kwa kuwa maabara hupima naitrojeni na kuihesabu kama protini. Sageni soya mbichi vijiko 2, changanyeni na kijiko kimoja cha chakula na maji ya uvuguvugu, funikeni nusu saa. Ikitoka harufu kali kama ya mkojo, kuna yurea. Fanyeni hivyohivyo na chakula mnachokiamini ili mlinganishe. Ng'ombe aliyekula yurea nyingi hutetemeka, hutoa povu mdomoni, huhema kwa shida na tumbo hujaa, wakati mwingine ndani ya saa moja. Mwiteni daktari wa mifugo mara moja. Wakati mnamsubiri, mnyama anayeweza kumeza anyweshwe polepole siki lita 2 hadi 4 iliyochanganywa na maji baridi mengi.

Mkikosa duka la kuaminika, changanyeni wenyewe. Kwa kilo 100: pumba za mahindi 60, mashudu ya pamba 22, mashudu ya alizeti 15, madini 2, chumvi 1. Anzeni kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14, mkielekea kilo 1 kwa siku kwa kila lita 2 za maziwa ya siku zinazozidi lita 7 za mwanzo. Mchanganyiko huu si wa ndama.

Aliyekwisha kununua asimwage. Weka nusu kilo kwenye mfuko safi, andika tarehe, piga picha ya mshono, ya lebo na ya namba ya gari, hifadhi ujumbe wa malipo, kisha peleka kwa afisa mifugo wa gombolola, polisi na shirika la viwango la Uganda, UNBS.