Seti ya kiunzi cha Tyrannosaurus inayouzwa Ngamiani: nunua, ila mchoro wake usiufuate

Maduka ya vifaa vya shule ya Ngamiani, Tanga, yanauza boksi la plastiki la kiunzi cha Tyrannosaurus, dinosaria mlanyama, vipande 56, kwa Sh 38,000. Jina la kiwanda halimo. Kipimo kilichoandikwa ni 1:24 na hapo hawadanganyi: kikishaungwa kinafika sentimita 51, wakati kile kiunzi maarufu cha Tyrannosaurus aitwaye Sue kilichoko Chicago kina mita 12.3.

Fuvu peke yake linakaribia kurudisha hela. Tundu kubwa la mbele ya jicho lipo, na meno yanapishana urefu inavyotakiwa. Nyonga ina tundu linalopenya pale kinapokaa kichwa cha fupa la paja. Hiyo ni alama ya dinosaria, na seti za bei hii aghalabu huiziba. Hata vidole vya mguu vimehesabiwa sawa: kile kidogo cha ndani mifupa 2, vinavyofuata 3, 4 na 5.

Kasoro inaanzia kwenye karatasi ya maelekezo. Mchoro unamsimamisha mnyama wima, mkia ukiburuta chini. Makumbusho ya New York yalimsimamisha hivyo mwaka 1915, kisha miaka ya 1990 yakamvunja na kumuunga upya, mgongo na mkia vikiwa sambamba na ardhi. Kumrekebisha wako, toboa pingili za mkia kwa biti ya milimita 2 na upitishe waya wa shaba wa umeme wa milimita mraba 2.5, ule wa uzi mmoja, ukiwa umeshamenywa. Anzia ndani ya nyonga, la sivyo mkia utakatikia kwenye shina.

Ukimaliza hapo, kiunzi kitaanguka kifudifudi. Usidhani umekosea. Mnyama hai alikuwa na misuli mizito iliyotoka kwenye mkia hadi fupa la paja, na ndiyo iliyolingana na uzito wa kichwa. Plastiki haina nyama. Funga nyayo kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 15, skrubu moja kila mguu, ukipitishia chini.

Mikono ina vidole vitatu. Tyrannosaurus alikuwa na viwili. Kata cha nje kwa kisu cha karatasi, ila bakiza kibanzi cha milimita 2 kwenye kiganja, kwa sababu mfupa wa kiganja wa kidole hicho ulibaki kwa mnyama mwenyewe, umesinyaa. Kabla ya gundi, zungusha viganja vitazamane. Mchoro unavielekeza chini kama anayepiga kinanda, na kifundo cha theropodi, kundi la dinosaria wa miguu miwili alimo Tyrannosaurus, hakikuruhusu hivyo.

Angalia pia vipande 31 na 32 vya nyonga. Vichomekeo vyake vinalingana, kwa hiyo kimoja kinaingia vizuri kabisa mahali pa mwenzake. Chenye ncha pana kama kiatu ni mfupa wa kinena: huelekea chini na mbele. Chembamba huelekea nyuma.

Gundi ni habari nyingine kwa hali ya hewa ya pwani. Supa gluu inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki, kwani mvuke wake hukutana na unyevu wa hewani ukaganda pembeni mwa kiungo. Tumia epoksi ya mirija miwili, vipimo sawa kwa sawa, baada ya kukwaruza kwa msasa namba 400. Kikishakauka kisiachwe dirishani: mbavu hupinda kwa jua.

Kinachokosekana ni mbavu za tumboni na mfupa wa V wa kifuani, aina ile ile iliyo kwenye kidari cha kuku. Sue aliongezewa mbavu za tumboni alipoungwa upya mwaka 2018. Wa V unaweza kuukunja kwa waya. Za tumboni, samehe.

Ingependeza dukani kuwe na Elaphrosaurus, theropodi wetu wa Tendaguru, Lindi, aliyepewa jina na mtaalamu Mjerumani Werner Janensch mwaka 1920 na ambaye mifupa yake iko Berlin. Labda wenye viwanda wanamkwepa kwa kuwa fuvu lake halikupatikana, na bila fuvu boksi haliuziki.

Fungua boksi dukani kabla ya kulipa. Mbavu ziko kwenye mfuko wake peke yake, na ndizo huvunjika njiani.