Stabilaiza ya AL-KO AKS 3004: Karavani Imeacha Kuyumba, Lakini Grisi Marufuku!

Haya watu wangu, karibuni tena, leo niko nje ya geti hapa Kasarani na ile karavani yetu, na msianze kuniuliza urefu sijui vitanda vingapi, hayo nilishamaliza video ya kwanza. Leo ni kuyumba tu, na hii stabilaiza ya AL-KO, yaani kichwa cha kuunganishia karavani na gari kinachozuia kuyumba.

Si mnakumbuka safari ya Naivasha? Nimeshapita Mai Mahiu, lori la kontena likanipita, ule upepo wake ukasukuma karavani, mkia ukaenda kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka Prado yenyewe inavutwa nyuma. Mguu unataka kukanyaga breki, usikanyage! Nilitoa tu mguu kwa mafuta pole pole, usukani nimeushika ukiwa umenyooka, ikatulia. Na kosa lilikuwa langu, jerikeni zote za maji nilizirundika nyuma kabisa. Siku hizi zinakaa juu ya ekseli, na kwa hii karavani ya kilo 1,200 nataka kilo 80 hivi zilalie boli ya toubaa, ile tufe ya chuma nyuma ya gari inayobeba kichwa cha karavani. Wamarekani wao hutaka asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa karavani, ndio maana wana yale mavyuma marefu ya springi ya kusambaza huo uzito, mazuri kwa pikapu zao, mimi sikuyataka.

Kuzuia kuyumba, kwanza nilijaribu kile chuma cha kando cha kukaza kwa mkono. Aisee kilinichosha! Kila ukitaka kurudi nyuma lazima ushuke ukitoe, mvua ikinyesha hakishiki vizuri.

Sasa hebu oneni hii stabilaiza, sogeza kamera. Kichwa kinaingia kwa boli ya milimita 50, klak. Halafu huu mkono mrefu hapa juu, naubonyeza chini... sikieni... umekaza. Ndani kuna pedi zinabana boli kama breki, kwa hivyo karavani ikitaka kujipindua pembeni inakutana na msuguano. Nikiusukuma mkia wa karavani ubavuni hivi, yaani nasukuma kweli, umekataa. Nainua mkono, haya, umelegea. Ukirudi nyuma kwa kona kali, inua hivyo hivyo.

Lakini boli iwe kavu! Fundi wangu wa toubaa alinipakia grisi na rangi juu, ndio heshima ya fundi, nikaenda Thika Road stabilaiza inalia kriii kriii kama mlango wa choo cha shule. Nilisugua na msasa mpaka chuma kikang'aa. Na shingo ya boli iwe ndefu, ile fupi ya kawaida kichwa kinagonga toubaa ukikata kona, mimi nilibadilisha nzima, hapo ndipo mfuko ulilia, ushuru juu, usafiri juu.

Ah, na tumebakisha watu 40 tufike elfu tano, bonyezeni hapo. Wiki ijayo naipeleka Nanyuki nikiwa nimejaza maji, ikilia tena mtaisikia wenyewe, kamera naifunga hapa hapa kwa toubaa.