Tovuti ya duka dogo Mwanza: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Miaka kadhaa nyuma nilichapisha kadi 500 zenye anwani ya tovuti ya duka langu. Leo ukiiandika anwani hiyo kwenye simu yanafunguka matangazo ya kubeti. Fundi aliyenitengenezea alisajili jina la tovuti kwa baruapepe yake mwenyewe, akahama mji, akabadili laini. Mwaka ulipoisha hakuna aliyelipia, jina likaenda kwa wengine. Kadi zilizobaki tunapigia hesabu za kamba upande wa nyuma.

Nauza nyavu, kamba, maboya na taa za sola za kuvulia dagaa, Kirumba, si mbali na mwaloni. Wateja wangu wengi sijawahi kuwaona sura: wako Ukerewe, Sengerema, Musoma, wengine Bukoba. Wanauliza bei kwa simu, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda meli au basi. Hapa chini nimepanga njia tano za kuliweka duka mtandaoni, kuanzia ya kufanya kwanza hadi ya kusubiri, na mpangilio huu ni wa duka la aina hiyo. Mwenye hoteli ya watalii kule Capri Point ana wateja wengine kabisa, na yeye namba tatu yangu huenda ikawa namba moja yake.

Namba moja: duka kwenye ramani ya Google, pamoja na WhatsApp Business

Vyote viwili ni bure, na ndiyo maana watu wanavidharau. Mteja akiandika "nyavu za sangara Mwanza", kinachotangulia kumjia mara nyingi ni ramani yenye maduka, namba za simu na saa za kufungua. Usipokuwepo hapo, tovuti ya milioni mbili haitakuokoa.

Google siku hizi mara nyingi huomba video kabla ya kukukubali. Irekodi kwa mkupuo mmoja bila kukata: anza barabarani majirani waonekane, sogea kwenye kibao cha duka, kisha fungua kufuli au stoo ili waone wewe ndiye mwenyeji. Mimi nilirudia mara ya pili kwa sababu bodaboda aliegesha mbele ya kibao, na hakuona sababu ya kuondoka. Ukimaliza, kagua ile alama ya ramani. Yangu ilikuwa imeangukia uchochoro wa nyuma, wateja wakawa wanapiga simu wamesimama kwenye genge la mama ntilie.

Kwenye WhatsApp Business jaza katalogi: picha, bei, kipimo. Andika kama wateja wanavyosema, "inchi 6", "inchi 7". Na weka bei. "Njoo inbox" inamfukuza mtu ambaye bando lake linaishia leo saa sita usiku. Kiungo cha kufungulia mazungumzo huandikwa wa.me/255 halafu namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Nimeona mabango barabara ya Makongoro yameandikwa wa.me/07 na kuendelea. Kiungo hicho hakifiki popote, na bango limeshalipiwa.

Kasoro yake ni moja: unakaa nyumba ya kupanga. Zamani Google ilikuwa inatoa na vitovuti vya bure kwa wenye maduka kwenye ramani. Machi 2024 ikavifunga vyote. Aliyekuwa amechapisha anwani ile kwenye mifuko na fulana alibaki nayo hivyohivyo.

Kwa hiyo kabla hujafika namba mbili, nunua jina lako la tovuti, yaani kikoa. Kikoa cha .com ni kama dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Cha .co.tz unakipata kwa wakala aliyeidhinishwa, na vikoa vya .tz viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Kwa mteja wa hapa mimi nachagua .co.tz, anaiona ya nyumbani. Hata kama tovuti bado huna, jina linaweza kuelekezwa likafungue katalogi yako ya WhatsApp, ukaanza kulichapisha kwenye risiti na mifuko. Siku ukijenga tovuti unabadilisha tu linapoelekea. Usajili uwe kwa jina lako, baruapepe yako na namba yako ya simu. Fundi akikwambia "bosi, niachie mimi hayo", hapo ndipo usiache.

Namba mbili: ukurasa mmoja wa WordPress

WordPress yenyewe ni programu ya bure ya kutengenezea tovuti. Unacholipia ni mahali pa kuhifadhia tovuti kwa mwaka, na mkono wa fundi. Kwa duka kama langu ukurasa mmoja unatosha: unauza nini, bei, mnatumaje mizigo, lipa namba, picha ya duka, kitufe cha WhatsApp. Ile picha ya duka usiidharau. Watu wameshatapeliwa sana mtandaoni, na mtu wa Nansio anataka kuona mlango, kibao na mzee amekaa ndani kabla hajatuma laki tatu.

Jambo la kumbana nalo fundi ni uzito. Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa na picha ya ziwa machweo, Bismarck Rock katikati, nzuri ajabu, na ilikula MB 6 peke yake. Nilimpa kijana wangu wa dukani aifungue kwa simu yake ndogo. Kale kaduara kakazunguka hadi akamaliza kumpimia mteja kamba ya mita hamsini. Leo picha zangu hazizidi KB 150 kila moja, na kabla ya kulipa salio la fundi ninaifungua kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote zilizopo dukani, kwa bando la kawaida.

Muulize pia bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Nani atasasisha programu? Nakala ya akiba inakaa wapi? Cheti cha usalama cha tovuti (https), kile kilichozoeleka kwa alama ya kufuli pembeni ya anwani, usikilipie zaidi, kwani shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure. Na lipa kwa awamu, ya mwisho ikiwa paswedi zote ziko mkononi mwako na umeshajaribu kuingia.

Namba tatu: Wix na wenzake

Hizi ni huduma za mtandaoni za kujengea tovuti. Unajenga mwenyewe kwa kuburuta vitu kwa kidole, humtegemei fundi. Lakini unalipa kwa dola kwa kadi, mwezi hadi mwezi au mwaka, na siku ukitaka kuhama huibebi tovuti ilivyo, unajenga upya. Inamfaa mwenye muda na wateja wa nje.

Namba nne ni kutegemea Instagram au Facebook peke yake. Ni nzuri kwa kuonyesha mzigo mpya, mbaya kwa kumjibu mtu anayeuliza bei ileile kwa mara ya mia.

Ya mwisho ni duka kamili lenye kikapu na malipo ya kadi. Watakuuzia kwa maneno matamu. Mvuvi wangu hanunui nyavu kwa kubonyeza kikapu. Anapiga simu, anabishana bei, anaomba apunguziwe kwenye maboya.

Kuhusu kutangaza, mtu akikuahidi namba moja kwenye Google, mkatalie. Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuhakikisha hilo. Waombe wateja walioridhika waandike maoni kwenye ramani, na ujibu kila moja, hata la kulalamika.

Matangazo ya kulipia ya Facebook mimi nayafuata mwezi wa angani. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani usiku kucha na mchana wamelala, hela ya tangazo inapotea. Mwezi ukiwaka taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na kuangalia simu. Hapo ndipo naweka elfu tano kwa siku, siku nne tu, nikilenga Ukerewe na Musoma.

Kikoa changu cha sasa kinaisha Februari. Tarehe nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, ileile tunayoandikia siku za mbalamwezi.